Hii sizoni ya Jeju imeliza saluni nzima, na Gwan-sik ametuharibia wanaume wengine wote

Jamani wadau wa sizoni za Kikorea, kama una wanja machoni ahirisha kwanza. When Life Gives You Tangerines nimeimaliza kwa mara ya pili na bado sijakaa sawa, kwa hiyo naandika hapa nikiwa na hasira kidogo na mapenzi mengi. Ni ya Netflix, ya 2025, epi 16, stelingi wa kike IU, stelingi wa kiume Park Bo-gum. Waliitoa kwa mafungu manne, epi nne nne kila Ijumaa kuanzia tarehe 7 Machi mpaka tarehe 28, na kila fungu wamelipa majira yake ya mwaka, mwanzo maua yanachipua, mwisho baridi kali. Mi nawapa 9 kwa 10. Hiyo moja iliyopungua nitaisema huko chini na sitaifuta hata mniite nani.

Mjue kwanza naongea kama nani. Nina saluni Majengo hapa Moshi, TV ipo ukutani juu ya kioo, na mtu akija kusuka rasta ndogo ndogo anakaa pale nusu siku, sasa mtu wa nusu siku huwezi kumuwekea taarifa ya habari. Tumeangalia kila kitu pale. Kizazi chetu tulianza na Jumong, lile dude la epi 81, kila katoto mtaani kana upinde wa kijiti na kamba ya katani, halafu ikaja Boys Over Flowers ya 2009 tukachanganyikiwa kabisa na Gu Jun-pyo na zile nywele zake za kusokota. Leo nikimwangalia Jun-pyo naona mtoto wa tajiri anamnyanyasa binti wa dobi halafu tunaambiwa ni mapenzi. Kumvuta mtu mkono barabarani, kumbana ukutani, kumnunulia nguo ambazo hakuomba. Na tulipiga makofi sisi! Kila sizoni iliyofuata ikawa na bosi wa kampuni, lifti, mvua, mwamvuli, na mama mwenye bahasha ya hela anayemwambia binti wa watu amwachie mwanae. Nasema hivi mjue kwamba nilishazoea kuwalilia watu wenye hela.

Hii haina tajiri wa kupendwa. Ni watu wa Jeju, kile kisiwa cha kusini kabisa mwa Korea, wanaanza utoto wao miaka ya hamsini na kitu huko wanatembea mpaka miaka yetu hii. Ae-sun anataka kuwa mshairi na kukimbia kisiwa. Gwan-sik anamtaka Ae-sun, basi, hana kingine anachokitaka hapa duniani. Na mama yake Ae-sun anaitwa Gwang-rye, yeye ni haenyeo, wale wanawake wa Jeju wanaozamia baharini kutafuta abaloni na makombe kwa pumzi zao wenyewe, hawavai mtungi wa hewa wala nini. Hii kazi ipo kweli, UNESCO waliiweka kwenye orodha yao ya urithi mwaka 2016. Sasa we fikiria katoto kamekaa juu ya mawe kanasubiri mama aibuke, wenzake wote wameshaibuka, yeye bado.

Epi ya kwanza tu wameshanimaliza. Ae-sun anakaa kwa ndugu za marehemu baba yake, wapo wanakula, samaki kagawiwa kila mtoto, yeye hana. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana, ni samaki tu hayupo mbele yake. Nilikuwa namsuka mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni, mtu mzima, Kikorea hakijui na alishaniomba niweke kwaya. Ile ya samaki ilivyopita akaniambia, "Dada, hebu rudisha hapo." Nikarudisha. Akaangalia tena, hasemi. Halafu akasema, "Mimi nimelelewa kwa shangazi, finyango nilikuwa nazihesabu kwa macho kabla sahani haijafika." Kwaya hakuiulizia tena, na mama Gwang-rye alivyokuja juu kwenda kumtetea mwanae yule mama alikuwa anamchochea, "mwambie! mwambie!" mpaka ikabidi nimshike kichwa maana rasta inapinda.

Halafu kuna shairi. Katoto kameandika shairi shuleni, kanayalaumu yale maabaloni, kanasema ile hela ya abaloni angeitoa yeye amnunue mama yake kwa siku moja apumzike. Mama analisoma. Yule dada anayeigiza mama, Yeom Hye-ran, ndo yule wa The Glory aliyekuwa anafuliwa makonde na mume wake kisha anacheka, sasa hapa hacheki, hapa anasoma karatasi tu na uso wake unafanya vitu ambavyo mi sijui mtu anavifundishwa wapi. Anakufa na miaka 29. Sihesabu kwamba nimemwaga stori maana ni mapema sana na utajua mwenyewe kuanzia kikohozi cha kwanza. Ila kinachouma sio kufa, ni kwamba sizoni nzima inayofuata, epi zote hizo, kila Ae-sun akipata kitu kizuri unajikuta unasema laiti mama yake angeona. Walimtoa mapema halafu wakamwacha ndani ya nyumba. Mwezi wa tano 2025 kwenye tuzo za Baeksang za huko Korea alichukua ya msaidizi bora wa kike na sizoni yenyewe ikachukua tamthilia bora, na mi hapa Majengo nilipiga vigelegele peke yangu saa mbovu.

Sasa tumzungumzie huyu mwanaume.

Gwan-sik hajui kutongoza. Ae-sun anakaa sokoni na kabichi zake, anasoma kitabu, aibu inamshika hata kuita wateja, Gwan-sik ndo anauza zile kabichi. Hasemi nakupenda, anauza kabichi. Wakatoroka mpaka Busan, wakaibiwa huko gesti, wakarudi kichwa chini, mzigo wote wa aibu ukamwangukia binti, shule ikamkataa, yeye kijana mambo yakaenda nafuu (hapo nilisonya kwa sauti). Ikafika Ae-sun anataka kuolewa na Sang-gil, lile jibaba lenye boti na hela, na Gwan-sik yupo kwenye meli anaondoka. Anamwona Ae-sun bandarini analia. Anaruka! Kwenye bahari! Anaogelea kurudi! Saluni ikalipuka, vigelegele, mtu anapiga kopo la mafuta na kitana, na dada aliyekuwa ndani ya drayer hajasikia chochote akatoa kichwa akauliza kuna harusi ya nani.

Lakini mi sio kuogelea kulikonimaliza. Kuruka kwenye meli hata Jumong angeruka. Kilichonimaliza ni meza. Wameoana, wapo ukweni, wanaume wana meza yao na chakula kizuri, wanawake wamekaa kivyao pembeni na masalia, mkwe mpya yupo kule chini kabisa. Gwan-sik amekaa meza ya wanaume. Anageuka. Anawapa mgongo wanaume wenzake na anakula akimwangalia mke wake. Hakuna hotuba, hakuna muziki wa kukulazimisha, amegeuza mgongo tu na kijiko mkononi, na bibi yake mzee anakaribia kuzimia kwa mkosi. Kwetu mbuzi akichinjwa kuna nyama ya wazee na nyama ya akina mama, kila mtu anaijua sehemu yake na hakuna anayeuliza, kwa hiyo ile mgongo tuliielewa palepale, haikuhitaji subtaitoli. Kuna mdogo wangu mmoja anasoma chuo cha Ushirika hapo, akasema, "Dada, mwanaume wangu akigeuka hivi kwao naitiwa kikao cha ukoo." Na mama mwingine akajibu, "Ageuke kwanza, kikao tutakuja wote."

Ndo maana nasema ametuharibia. Tangu hapo mtu akija na stori zake za shemeji yenu kaninunulia simu, tunamuuliza, amegeuka? Basi anacheka anakasirika.

Na Ae-sun mwenyewe sio mpole, msije mkadhani ni wa kulia tu. Bibi wa ukweni anataka mjukuu, Geum-myeong, awe haenyeo na yeye, wanapanga mpaka tambiko, na hata kuendesha kale kabaiskeli ka matairi matatu mtoto wa kike anakatazwa. Ae-sun anapindua meza ya tambiko. Anasema yeye hataki binti yake awe wa kuandaa meza, anataka awe wa kuzipindua. Mnh! Na Gwan-sik badala ya kumtuliza mke anachukua familia yake wanahama. Mwanaume wa miaka hiyo, mtoto wa mama, anahama. Hapa nilisimamisha kusuka kabisa, mteja akadhani nimemaliza.

Wanapohamia wanakuwa na shida ya kweli kweli, mchele umeisha kwenye gudulia. Wenye nyumba, babu na bibi wazee, wanajua. Na kila Ae-sun akifunua gudulia anakuta mchele upo. Yule bibi kwa mdomo anajifanya mkali, usiku anamimina mchele. Sitaki kuongea sana hapa, ila kama umewahi kupanga chumba kimoja na watoto na mwenye nyumba akajifanya kasahau tarehe, utalia wewe.

Aya hii inayofuata asiyetaka kujua airuke.

Epi ya 6. Nilianza kuangalia kwa flashi niliyojaziwa na kijana mmoja wa kibanda cha muvi, na yule kijana Mungu anamwona, kanipangia ya 7 kabla ya 6. Kwa hiyo kwenye saluni yangu Dong-myeong, yule mtoto wao wa mwisho, kafa kabla hajafa. Tunaona familia haina mtoto mdogo, watu wana nyuso za ajabu, tunaulizana yule mdogo yuko wapi, kapelekwa kwa bibi? Mwingine anasema analala. Nikagundua majina ya mafaili yamegeuzwa, nikarudi 6, na sasa tunaiangalia tukiwa tunajua. Ni kimbunga. Wazazi wote wawili wametoka kila mtu kwa sababu nzuri kabisa, hakuna mzembe, na hapo ndo ubaya wa huyu mwandishi, hakupi mtu wa kumlaumu. Gwan-sik ambaye tumemzoea hasemi kitu, akimbeba yule mtoto anatoa sauti ambayo nisingependa kuisikia tena. Niliipunguza TV. Kulikuwa na mteja wangu wa siku nyingi ambaye amezika mtoto, mi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yupo pale nyuma anasubiri zamu, nikageuka kutaka kuzima, akasema, "Acha. Wameiweka vizuri. Watu wanamshika mama, baba wanamwacha asimame mwenyewe hivohivo." Akaangalia mpaka mwisho, akasukwa, akalipa, akaondoka. Kuanzia hapo nikalipia Netflix mwenyewe kwa bando langu, flashi ya kibandani sitaki tena kwa sizoni za namna hii, kwa maumbwa mwitu na mazombi sawa.

Tulichekaje sasa, maana tulicheka pia. Gwan-sik na Ae-sun wakizeeka wanachukuliwa na watu wengine, Ae-sun anakuwa Moon So-ri, na Gwan-sik mtu mzima anakuwa, shikeni viti, Park Hae-joon. Yule yule! Yule mume mzinzi wa The World of the Married ya 2020 aliyemfanyia mke wake daktari ushenzi na binti mdogo halafu anapiga kelele kwamba kupenda sio kosa! Alivyotokea tu na lile koti lake la uvuvi saluni nzima ikaguna. Mmoja akasema, "Haka kababa nakajua, katachepuka tu, subirini." Tukasubiri. Epi ya tisa hajachepuka. Ya kumi na moja kavaa kofia anamsubiri binti yake kwenye baridi. Ya kumi na nne yule yule aliyesema atachepuka analia na tishu zangu, za biashara. Mpaka mwisho hakuchepuka na jina tulishambadilisha, anaitwa Baba Gumi, maana Geum-myeong ulimi wa kina mama wa Majengo ulimgomea, na baba wa mtoto huitwa kwa mtoto wake.

Na Sang-gil, lile jibaba la boti. Nilimchukia kwa moyo wote fungu la kwanza, mkorofi, mjeuri kwa mke wake, anajiona. Ila ana lile neno lake la kufoka, "Hak-ssi!", analitupa kila sentensi, na yule muigizaji Choi Dae-hoon amemzeesha taratibu mpaka ukija kustuka anakuwa mzee wa kuchekesha anayeonewa huruma hata na kuku. Na yeye kachukua Baeksang ya msaidizi wa kiume, haki yake. Sasa hivi kijana wangu anayeleta maji akichelewa nikimgombeza ananijibu "Hak-ssi!" na mi nabaki sina la kusema.

Kwa Geum-myeong ndo saluni iligawanyika. IU anacheza mama ujanani na binti pia, yaani huyo huyo mmoja, na Geum-myeong akiwa mkubwa anasoma Seoul, chuo kikuu kile chenyewe cha taifa, anataka kwenda Japani, wazazi wanauza nyumba. Nyumba! Waliyoipata kwa jasho na mchele wa kuokotea. Halafu simu ikipigwa anawajibu kwa mkato, anawachoka, baba yake kasafiri mpaka mjini yeye anakunja uso. Kina mama wote pale walitaka kuingia ndani ya TV wamshike masikio. Mama wa ndizi (huyo kwaya alishaisahau, sasa anakuja hata bila kusuka) akasema, "Nimeuza ndizi miaka yote nikasomesha, nikipiga simu naambiwa mama nipo bize, ntakupigia." Kimya. Na yule wa Ushirika akajibu kwa upole tu, "Mama, samahani, ila nyie mnajua ilivyo kuwa yule mtoto ambaye nyumba imeuzwa kwa ajili yake? Ukifeli hujafeli wewe, imefeli nyumba. Ndo maana anakunja uso, hawezi kuwaangalia usoni." Wakabishana mpaka umeme ukakatika, wakaendelea gizani. Mi mwenyewe ni mtoto wa kwanza, nimesomeshwa na kahawa ya Kibosho na ng'ombe wawili, na sikusema upande wangu, nilisema nina kazi mkononi.

Ila nikwambie ukweli, hapo ndo sizoni imenishika kuliko pale pa kifo. Kifo utalia tu, hata jiwe litalia. Ile ya mtoto anampenda mzazi wake mpaka anakuwa mkali kwake, nani ameshawahi kuiweka kwenye Kikorea hivi? Tumezoea mtoto mzuri na mama mbaya mwenye bahasha. Hapa wote wazuri na bado wanaumizana kila wiki.

Mama wa bahasha yupo lakini, msijali, yupo fungu la tatu, mama yake Young-beom, mchumba wa Geum-myeong. Anamdharau binti wa wavuvi mbele ya wazazi wake. Young-beom anapenda kweli ila hana mgongo, anamtazama mama anamtazama mchumba anatazama sahani. Geum-myeong anavunja uchumba mwenyewe. Tulipiga makofi na tukalia hapohapo maana alikuwa anampenda. Halafu anakuja Chung-seop, mchora mabango ya sinema, na kumbe ni Kim Seon-ho! Kwa wale tuliokesha na Start-Up mwaka 2020 tukimlilia Han Ji-pyeong aliyefanya kila kitu na binti akaenda kwa mwingine, jamani hili deni limelipwa. Amepata mke! Nilipiga simu Arusha kwa dada yangu saa nne usiku kumwambia, akanijibu, "Nani kaolewa? Mbona hatujachangishwa?"

Siku ya harusi baba anamshika mkono binti kumpeleka mbele, na anamwambia kile alichokuwa anamwambia tangu mdogo, kwamba ukiona mambo hayaeleweki piga rivasi, rudi, baba yupo hapa. Mnaelewa hiyo? Sisi tunapelekwa na kanga, vinu, na wosia wa kuvumilia. Ndoa ni kuvumilia mwanangu, usirudi na mabegi. Wanawake wazima wanne pale saluni, wote walioolewa, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Hiyo moja niliyokata sasa. Kwanza wanaruka miaka mno, dakika hii 1960 na kitu, dakika hii mtu ana simu ya kisasa, na kwa kuwa IU ni mama na ni binti mtu akienda msalani akirudi hajui yupo kwa nani, mama mmoja alimlaumu Ae-sun kwa makosa ya Geum-myeong epi mbili nzima. Pili fungu la tatu limekaa sana kwa Young-beom, nusu ya yale machozi ingetosha. Tatu na hili ndo kubwa kwangu, Eun-myeong. Mtoto wa kiume wa kati, wazazi wamemsahau kwa kumwangalia dada yake, na anawaambia hivyo, anasema wazi, halafu waandishi na wao wakamsahau hivyo hivyo! Anaoa binti wa Sang-gil, anaingia matatizo, anachekesha, anaondoka. Alistahili epi yake moja nzima. Na Gwan-sik hana kosa hata moja, epi 16, mwanaume hajanuna, hajasahau, hajaongea ovyo akiwa amechoka. Nampenda lakini kuna wakati nilitaka hata siku moja arushe ndala.

Fungu la mwisho sitalieleza. Gwan-sik anaumwa, saratani ya damu, mnaona kwenye epi zenyewe. Nasema tu kwamba mwongozaji ni Kim Won-seok, aliyemuongoza IU kwenye My Mister 2018, na kama uliiona ile unajua huyu baba hana haraka, anakuweka kwenye kochi la hospitali na wewe unakaa. Angalieni siku ambayo kesho yake hamna shughuli. Wajawazito wasubiri. Waliofiwa na baba mwaka huu wasubiri pia, nasema kwa nia njema, nina mteja alilazimisha na hatukumaliza kichwa chake siku hiyo. Watoto wa shule wanaweza kuangalia, hakuna aibu yoyote ya kukufanya utafute rimoti mbele ya mzee. Subtaitoli nilitumia za Kiingereza, zinapita mbio, ukiwa na mikono kwenye nywele za mtu utakosa mashairi, tafuta mtu wa kukusomea, kwetu anasoma yule wa Ushirika na tunampunguzia bei.

Kwa sasa saluni imeanza When the Camellia Blooms ya 2019, mwandishi ni huyo huyo Lim Sang-choon, mchumba ni polisi wa kijijini na kuna muuaji ndani yake, kwa hiyo kina mama wananung'unika. Ila Yeom Hye-ran yupo, mama Gwang-rye wetu, mzima wa afya, ni wakili wa talaka na mume wake anamuogopa. Mama wa ndizi alivyomwona tu akavuta stuli karibu na TV.